Kupima haibridi ndogo kabla hujailipia: Aqua, Fit na Note kwenye barabara zetu

Mtu anayetafuta gari la kwanza, au aliyechoka kuijazia mafuta IST yake kila baada ya siku mbili, siku hizi huuliza swali moja: nichukue haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme na betri kubwa, au nibaki na petroli ya kawaida? Madalali watakujibu kwa gari walilonalo yadini. Fundi asiyezijua atakwambia zikimbie. Mimi nasema jibu lina mambo mawili makubwa: kilomita ngapi kwa siku unazitembea ndani ya foleni, na hali ya betri ya gari lile lile uliloonyeshwa, siyo ya aina ile kwa ujumla. Ukiyapata hayo mawili kwa uhakika, uamuzi unakuwa mwepesi.

Mwongozo huu ni wa haibridi ndogo zilizotumika Japani, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazonunua. Mifano ya bei ni ya Tanzania, ila aliyeko Nairobi au Mombasa abadilishe tarakimu tu, njia ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Neno haibridi limebeba magari yenye tabia tofauti kabisa, na hapa ndipo wengi huanza kupotea.

Toyota Aqua iliingia sokoni Japani Desemba 2011; nchi nyingine iliuzwa kwa jina la Prius c. Ina injini ya petroli ya lita 1.5 na mota za umeme zinazosaidiana nayo kupitia giaboksi ya gia za sayari. Hakuna mkanda wa CVT (giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia) wa kukatika, hakuna klachi ya kuungua, hakuna stata wala alteneta, maana kazi hizo zote zinafanywa na mota zile zile. Injini yenyewe haina hata mkanda mmoja wa nje. Betri kubwa imelala chini ya siti ya nyuma: ni ya nikeli, volti 144, yenye moduli 20, yaani vipande vya betri vilivyounganishwa pamoja. Aqua ya kizazi cha pili ilitoka Julai 2021 ikiwa na injini ya silinda tatu na betri ya muundo mpya yenye nguvu zaidi.

Honda Fit Hybrid ya kuanzia Septemba 2013, ile ya chesisi GP5, ina betri ya lithiamu na giaboksi ya klachi mbili yenye gia saba. Barabara ikiwa wazi inakimbia vizuri na inabana mafuta kweli. Lakini Honda iliita magari hayo kuyarekebisha mara tano ndani ya takriban mwaka mmoja, hadi Oktoba 2014, na matatizo mengi yalihusu mfumo huo wa giaboksi. Kwenye foleni ya kusogea na kusimama, klachi zile hupata moto. Kwa mtu wa Mbagala anayekwenda Posta kila siku, mimi singeichagua.

Nissan Note e-Power ilianza Novemba 2016. Injini yake ya lita 1.2 haisukumi tairi hata kidogo; kazi yake ni kufua umeme, na gari linasukumwa na mota peke yake. Ni raha kuendesha mjini. Ila ukilipeleka barabara kuu kwa mwendo mkubwa kwa saa nyingi, ile faida ya mafuta inapungua, kwa kuwa nguvu yote lazima ipite kwanza kwenye umeme.

Kuna pia Vitz Hybrid, iliyotoka Januari 2017, ambayo chini ya ngozi inafanana sana na Aqua. Mengi nitakayosema juu ya Aqua yanaihusu nayo.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa barabara yako mwenyewe

Usianze na takwimu ya kiwandani. Aqua ilipotoka ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, lakini hicho ni kipimo cha maabara ya Japani. Kwa Dar, AC ikiwa imewashwa, chukua 20 kwa lita kama kianzio cha tahadhari. IST au Vitz ya petroli kwenye foleni hiyo hiyo, weka 11.

Sasa chukua kalamu. Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 12,000. IST itakunywa lita 1,091, Aqua lita 600. Tofauti ni lita 491. Tukichukulia lita moja ni shilingi 3,000 kwa ajili ya mfano, umeokoa kama shilingi 1,473,000 kwa mwaka. Bei halisi iangalie kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta Tanzania, ambalo hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi; Kenya bei za EPRA, mamlaka ya huko, hubadilika kila tarehe 15.

Kisha toa gharama ya betri. Watu wengi huiruka sehemu hii, halafu siku betri inapokufa wanalia. Ulizia bei ya betri pamoja na kuifunga kwa mafundi wawili watatu tofauti. Tuseme umeambiwa milioni 3, na wewe umejiwekea kwamba itabadilishwa baada ya miaka mitano. Hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Ulichobaki nacho ni kama 873,000. Kama Aqua ni ghali kuliko IST ya hali ile ile kwa milioni 2.5, utairudisha tofauti hiyo kwa chini kidogo ya miaka mitatu. Ni biashara nzuri.

Rudia hesabu kwa mtu anayetembea kilomita 15 kwa siku. Kwa mwaka ni kilomita 4,500: IST lita 409, Aqua lita 225. Anaokoa lita 184, sawa na shilingi 552,000. Ukitoa ile 600,000 ya betri, amepata hasara. Huyu, kwa mkoba wake, abaki na petroli ya kawaida. Ubaya ni kwamba huyu ndiye hasa anayevutwa na sifa za haibridi, kwa sababu anaisikia kwa dereva wa teksi ya mtandaoni anayezunguka kutwa nzima, na hesabu ya yule dereva siyo yake.

Halafu kuna anayeishi barabarani: Dar kwenda Morogoro, Moshi kwenda Arusha. Huko hakuna breki za mara kwa mara za kurudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo injini inafanya kazi karibu muda wote. Kama IST inampa 15 kwa lita na Aqua 20, kwa kilomita 12,000 anaokoa lita 200 tu, yaani 600,000, ambazo zinaishia kwenye mfuko wa betri. Hajapoteza, hajapata.

Andika tarakimu zako kwenye karatasi kabla hujaenda yadini. Ukishakaa kwenye siti na kunusa gari safi, hesabu hutaifanya tena.

Hatua ya 3: Mwaka wa gari na karatasi zake

Kwa Kenya, gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia. Kwa Tanzania linaingia, lakini likizidi umri huo linatozwa ushuru wa uchakavu. Kabla ya kuagiza, ingia kwenye kikokotoo cha magari yaliyotumika cha TRA (mamlaka ya mapato), weka aina, mwaka na ujazo wa injini, uone kodi yote. Mara nyingi gari la bei ndogo Japani linageuka kuwa ghali likishafika bandarini, na lile jipya kidogo linakuwa nafuu kuliko ulivyodhani.

Kwa haibridi, umri una uzito kuliko kilomita. Betri ya nikeli inazeeka hata gari likiwa limesimama. Aqua ya miaka 11 yenye kilomita 50,000 isikuvutie kuliko ya miaka 7 yenye kilomita 90,000 iliyokuwa ikitembea kila siku.

Dai karatasi ya mnada wa Japani. Alama ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika kama mwili una mikwaruzo tu. R au RA inamaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Kwa haibridi ndogo, hasa lililogongwa nyuma, mimi naliacha, kwa sababu betri iko huko. Linganisha kilomita za karatasi na za dashibodi. Ukiambiwa karatasi imepotea, bei ishuke au uondoke. Vuta pia mkanda wa siti hadi mwisho, usome kitambulisho kilichoshonwa chini: mara nyingi kina mwaka wa kutengenezwa. Kisome pamoja na namba ya chesisi. Aqua ya kizazi cha kwanza huanza na NHP10.

Hatua ya 4: Pima betri, usiulize tu

Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Gari lililokwisha pashwa moto huficha mengi.

Kwanza washa swichi bila kukanyaga breki ili taa zote za dashibodi ziwake, kisha washa kamili. Neno READY litokee, taa za hitilafu zizimike zote. Taa ya pembetatu nyekundu ikibaki, mazungumzo yameisha.

Pili, liache limesimama kwenye P, READY ikiwa imewaka, AC juu kabisa. Kompresa ya AC ya Aqua inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo huu ni mtihani mzuri usiohitaji kifaa chochote. Angalia vijiti vya betri kwenye kioo cha dashibodi. Injini ikishapata joto itazima, vijiti vitashuka taratibu, kisha injini itawaka kujaza, na kuzima tena. Kwa betri nzima injini hukaa kimya dakika kadhaa kila mara. Betri iliyochoka huwasha injini karibu kila dakika, na vijiti vinaruka kutoka juu hadi chini na kurudi juu ndani ya muda mfupi mno. Usitishike kwamba vijiti havijai kabisa, kwani kompyuta huiweka betri katikati kwa makusudi ili idumu.

Tatu, chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari. Kile kidogo cha bluetooth hakina bei kubwa, na programu ya simu iitwayo Dr. Prius inasoma betri za haibridi za Toyota, Aqua ikiwemo. Fungua ukurasa unaoonyesha volti za kila kundi la moduli, mwombe mtu aendeshe, wewe kaa na simu. Akikanyaga mafuta kwa nguvu, vijiti vyote vishuke pamoja. Akishika breki, vyote vipae pamoja. Ukiona kimoja kinaporomoka peke yake kwenye mafuta, halafu kinapaa kupita wenzake kwenye breki, hiyo ndiyo moduli inayokufa. Angalia na joto: mara nyingi kundi bovu au la katikati huwa na joto zaidi, lakini pengo lisiwe kubwa.

Msimbo wa kuuogopa ni P0A80, unaosema betri inahitaji kubadilishwa. Lakini kutokuuona hakutoshi. Muuzaji anaweza kufuta misimbo dakika chache kabla hujafika. Kwa hiyo tazama kwenye kifaa hicho hicho umbali uliotembewa tangu misimbo ifutwe. Ukikuta kilomita 3, muulize kwa nini.

Nne, inama kwenye siti ya nyuma. Chini yake pembeni kuna tundu la kuvutia hewa ya kupoza betri. Weka tochi. Kwenye magari mengi niliyoyaona tundu hilo limezibwa na vumbi, nywele, manyoya ya mbwa wa Kijapani, au siku hizi kava za siti zilizoshonwa zikalifunika kabisa. Joto ndilo linaloua betri hizi, na feni isiyopata hewa haiwezi kulipunguza. Nairobi ina bahati ya baridi. Dar, Tanga na Mombasa hatuna. Tundu chafu halimaanishi betri imekufa, ila linakueleza gari lilivyotunzwa.

Ukikuta betri dhaifu lakini gari zuri, usikimbie lazima. Toa bei ya betri nzima kwenye bei ya gari, siyo bei ya moduli moja. Fundi atakwambia anabadilisha moduli mbili tu kwa laki kadhaa, na gari litawaka kweli. Ila zile 18 za zamani zina umri ule ule, na baada ya miezi utakuwa gereji tena kwa nyingine. Hapo unaahirisha tatizo tu.

Hatua ya 5: Sehemu nyingine ambazo haibridi inatofautiana

AC iipe uzito. Kompresa ile ya umeme inataka oili yake maalumu, inayoitwa ND-11, isiyopitisha umeme. Fundi akijaza gesi kwa mashine iliyobaki na oili ya magari ya kawaida, umeme unaanza kuvuja ndani ya kompresa, na gari linaweza kugoma kabisa kuwaka READY. Ukiona AC ya gari unalonunua ilishatengenezwa mtaani, uliza ilijazwa nini. Asipojua, ihesabu kama hatari.

Fungua boneti uangalie chupa mbili za kulanti: moja ya injini, moja ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uifae mota. Ya inveta ikiwa tupu au imejaa maji ya bomba yenye kutu, inveta ilikuwa inaungua taratibu. Hapo bei ishuke sana.

Breki ni habari njema: kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, pedi hudumu. Lakini sikiliza pampu ya breki. Ukifungua mlango wa dereva utaisikia ikivuma sekunde chache, hiyo ni kawaida. Ikivuma kila baada ya muda mfupi bila wewe kugusa breki, inachoka, na bei yake haichekeshi.

Betri ndogo ya volti 12 nayo huleta uzushi. Ikiwa dhaifu, dashibodi inawaka taa za ajabu na watu hudhani betri kubwa imekufa. Ipime kwa mita kabla ya kuogopa. Na ukishalimiliki, usilitumie kubusti magari ya majirani, kwani likikosewa waya unaweza kuunguza fyuzi kubwa na vifaa ghali.

Urefu kutoka ardhini: Aqua ya kawaida ina milimita 140 tu. Kama nyumbani kwako ni Goba ndani au Kivule, mahali ambapo IST yenyewe inakwaruza, pita na gari hilo njia ile ukiwa na watu wanne ndani kabla ya kulipa. Na mvua kubwa zikinyesha, usijaribu kupita mafuriko ya bonde la Jangwani, Dar. Betri imekaa chini ya siti ya nyuma, na maji yakiingia kwenye sakafu gharama haina mfano.

Redio itashika masafa ya Kijapani na kioo kitaandika Kijapani. Hilo lisikuumize kichwa, linatengenezeka.

Hatua ya 6: Tafuta fundi kabla ya gari

Kama katika mji wako hakuna fundi wa haibridi anayeaminika, nashauri usinunue, hata hesabu ya mafuta ikiwa nzuri. Nalisema kwa uzito kwa sababu ni suala la uhai pia. Nyaya za rangi ya machungwa zimebeba umeme unaoua: kwenye Aqua inveta huupandisha hadi volti 520. Fundi anayeijua kazi hutoa kwanza plagi ya usalama ya betri, husubiri dakika zisizopungua kumi, na huvaa glavu za kuzuia umeme. Muulize tu, "Fundi, ukianza kazi ya betri unafanya nini kwanza?" Asipotaja plagi na kusubiri, mshukuru uende kwingine.

Muulize pia spea. Kariakoo, Gerezani na Ilala utapata vya Aqua, vya kutumika na vipya, kwa sababu magari ni mengi. Vya Note e-Power ni vigumu kidogo, na vya Fit GP5 hasa giaboksi, jiandae kusubiri. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuiweka Aqua mbele kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, ingawa Note inaendeshwa kwa raha zaidi.

Hatua ya 7: Wiki ya kwanza ukishalinunua

Badilisha umiliki TRA mara moja, usiahirishe. Chukua bima kubwa kama mfuko unaruhusu, na umuulize wakala waziwazi iwapo betri ya haibridi inalipwa gari likiingia maji.

Mwaga oili ya injini uweke 0W-20. Oili nzito ya mtaani inapunguza ule ubanaji wa mafuta uliokufanya ununue gari. Giaboksi iwekewe oili ya Toyota WS, na kulanti zote mbili zibadilishwe kwa ile ya pinki. Feni ya betri isafishwe, kisha uirudie angalau mara moja kwa mwaka; ukibeba abiria kila siku, mara mbili. Kata kava ya siti pale inapofunika tundu la hewa.

Kwenye foleni acha gari kwenye D au weka P. Usilikalishe N kwa muda mrefu na AC ikiwaka: kwenye N mfumo wa Toyota haujazi betri, na utaishusha mpaka gari likulalamikie. Ukishuka mteremko mrefu kama Kitonga, weka B ili injini isaidie kushika mwendo, kwa maana betri ikishajaa breki ya mota hupungua na mzigo wote unahamia kwenye pedi.

Jaza tangi hadi juu, andika kilomita, endesha hadi tangi likaribie kuisha, jaza tena kwenye kituo kile kile na gawanya. Ukipata chini ya 17 kwa lita mjini wakati tairi zina upepo sahihi, rudi kwa fundi na kifaa cha OBD mapema, muda ambao muuzaji bado anapokea simu zako.